Bikila na Viatu Vilivyombana

Juzi nilikuwa Nkubu, kule Meru, nikamkuta kijana wa shule akipanda mlima wa udongo mwekundu mbio mbio, viatu vyake vya mbio kavining'iniza shingoni. Alinipa shikamoo, nami nikamwuliza viatu vina kosa gani. Akanijibu kwamba Abebe Bikila alishinda Roma peku. Basi, msomaji wangu, nikaketi naye kando ya barabara iendayo Embu, nikamsimulia habari za marehemu yule, kwani wengi tumeishika nusu yake tu.

Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, Uhabeshi. Alipokuwa kijana aliingia kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko Onni Niskanen, Mswidi aliyewafunza askari, akaiona mbio iliyomo mwilini mwake.

Hakwenda Roma mwaka 1960 kuhubiri habari za miguu mitupu. Viatu alivyopata huko havikumkaa sawasawa, na kwao alikuwa amezoea kukimbia bila viatu, hivyo akavivua. Jioni ya tarehe 10 Septemba, askari wa Kitaliana wakimulika njia kwa mienge, alikwenda bega kwa bega na Rhadi wa Moroko. Walipokaribia mnara wa jiwe wa Axum, ambao majeshi ya Mussolini yaliupora kwao Bikila (ulirudishwa mwaka 2005), ndipo alipomtoka mwenziwe. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyepata kuufikia katika marathoni kabla yake.

Sasa ile nusu ya pili. Tokyo, mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Bikila alivaa viatu na soksi. Alishinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Nyayo zilikuwa zile zile! Hapo kijana wangu aliacha kutikisa kichwa.

Simsemi vibaya apendaye kukimbia peku. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walieleza kwamba waliozoea peku, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa, aghalabu hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo badala ya kisigino, na kishindo cha kutua hupungua. Hiyo ni faida, na si ndogo. Ila mzigo haupotei, huhamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Na avuaye viatu kwa ghafla huweza kupata ufa katika mifupa ya wayo. Tena udongo nao una wenyewe: funza, safura, vigae vya chupa, misumari iletayo pepopunda. Sisi wa pwani tuliosoma chuoni tulikanyaga mchanga wa moto bila kuona taabu, lakini tulianza tukiwa wadogo, wala hatukukimbia maili 26.

Mexico, mwaka 1968, Bikila alianza mbio na mguu ulioumia, akatoka baada ya kilomita 17 hivi. Tarehe 22 Machi, 1969, gari lake lilipata ajali, na miguu ile haikutembea tena. Alitibiwa Stoke Mandeville, Uingereza, na huko huko akashindana kupiga mishale akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki Addis Ababa tarehe 25 Oktoba, 1973, akiwa na miaka 41.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akafungua fundo la kamba shingoni, akavaa kiatu kimoja, halafu cha pili, akasimama, akachezesha vidole. Akaniambia, huku akitazama chini, kuwa cha kulia kinambana, na kwamba ni vya kaka yake. Nikamwambia akamweleze mwalimu wake hivyo hivyo.