CHUMA, KIJANA ALIYETUPWA NA WATU, AKATUMIWA NA MUNGU



Wengi kati yetu hujiona si kitu. Wako vijana wanaochimba dhahabu kule Namoya na Salamabila, ambao wameacha masomo kwa kukosa karo na wanajihesabu kuwa watu waliokwisha. Wako mama wajane waliofukuzwa na ukoo wa mume. Wako waliokimbia vita, wakarudi wakakuta hata alama ya nyumba haipo. Hao wote tunawaletea habari za mtu mmoja aliyepita katika njia zetu hizi zaidi ya miaka 150 iliyopita, naye alikuwa ametupwa kuliko wao. Jina lake Chuma.

Kila mtoto aliyesoma historia anamjua Livingstone. Wachache wanajua kwamba mzungu huyo alilala mgonjwa hapa hapa Kabambare, mahali alipopaandika kwa jina la Bambarre. Na wachache zaidi wanajua ni nani waliobaki naye alipoachwa na watu wake.

Chuma alizaliwa karibu na mwaka 1850 katika kabila la Wayao, upande wa ziwa Nyasa. Alipokuwa bado mtoto aliuzwa. Nyakati zile mtoto aliuzwa kwa vipande vya nguo, na mnunuzi hakuuliza jina la mama yake. Wazee wetu wa Maniema wanaijua hesabu hiyo vizuri, maana kongwa lile lile lilivaliwa hapa na njia ya pembe na watumwa ilipita katika vijiji vyetu.

Mwezi wa Julai 1861 msafara wa watumwa ulifika kijiji cha Mbame, katika milima ya Shire, nchi ya Malawi ya leo. Siku hiyo Livingstone alikuwa pale pamoja na Askofu Mackenzie na wamisionari wake. Walinzi wa msafara walipowaona wazungu walikimbilia porini. Makongwa yakakatwa kwa msumeno, kamba zikakatwa kwa visu. Watu 84 walifunguliwa siku hiyo, wengi wao wanawake na watoto. Chuma alikuwa mmoja wao, mtoto wa miaka kumi na kitu.

Basi msomaji atasema mateso yamekwisha. Hapana. Wamisionari wakawaweka wale watu Magomero, lakini homa na njaa viliwapiga wote, na Askofu Mackenzie akafa Januari 1862. Askofu mpya alipokuja aliona mahali pale hapafai, akaihamishia misheni Zanzibar, na wengi wa wale waliookolewa hakuwa tayari kuwachukua. Hivi wale waliotolewa kwenye kongwa kwa jina la Mungu wakawa mzigo kwa watu wa Mungu wenyewe. Tunasema neno hili kwa uchungu, kwa sababu hata leo wako wanaopokewa kanisani kwa ngoma na nyimbo, halafu baada ya miezi michache hakuna anayeuliza wamelala wapi.

Livingstone alimchukua Chuma na rafiki yake Wekotani. Mwaka 1864 aliwavusha bahari ya Hindi katika merikebu yake ndogo iitwayo Lady Nyassa, kutoka Zanzibar hadi Bombay, siku 45 hivi majini. Katika merikebu hiyo alikuwamo pia Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, ambaye tangu hapo jina lake halitengani na la Chuma. Watoto hao wawili waliachwa Bombay kusoma shule ya wamisionari. Huko Chuma alibatizwa mwaka 1865 akaitwa James.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika kutafuta chanzo cha mto Nile, naye Chuma na Susi wakaenda pamoja naye. Safari ilianza na watu wengi, lakini mmoja mmoja walipungua. Wekotani alikutana na jamaa zake karibu na Nyasa akabaki kwao. Watu wa Anjouan walitoroka, wakafika Zanzibar wakatangaza kwamba Livingstone ameuawa. Ulaya ikaanza kumlilia mtu aliyekuwa bado anatembea.

Hatutaki kumfanya Chuma kuwa malaika. Mwaka 1868, wakati wa kwenda ziwa Bangweulu, yeye na Susi nao walikataa kuendelea, wakamwacha bwana wao. Alipowakuta tena mwishoni mwa mwaka huo aliwapokea. Aliandika kwamba yeye mwenyewe ana makosa yake. Kijana huyu, basi, aliwahi kutoroka na akarudi, na ni huyu huyu aliyefika kwetu Maniema.

Walivuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji mwaka 1869, wakaandamana na wafanyabiashara wa pembe, wakafika Kabambare mwezi wa Septemba. Mwezi wa Juni 1870 Livingstone alitaka kuendelea hadi mto Lualaba. Watu wake wengi walikataa, wengine wakaenda kwa wafanyabiashara ambao walikuwa na nguo na chakula. Waliobaki kuondoka naye walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner, huyu wa mwisho akiwa mmoja wa Waafrika waliosomeshwa India.

Wale wanaojua njia zetu wakati wa mvua hawahitaji kuelezwa safari hiyo. Matope, mito iliyofurika, majani yanayokata miguu kama wembe. Miguu ya mzee ikaoza kwa vidonda. Kila alipoikanyaga chini, damu ilitoka. Walirudi Kabambare tarehe 22 Julai, na kwa siku 80 hivi hakutoka nyumbani. Karatasi zikamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Biblia yake aliisoma yote mara nne akiwa Maniema. Dawa iliyomsaidia ilikuwa jiwe la kijani la shaba, la namna ile inayotoka Katanga, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa kidondani kwa unyoya.

Tufikiri kidogo juu ya nyumba hiyo. Ndani yake alilala mzungu ambaye ulimwengu ulidhani amekufa, hana nguo za kubadilisha wala barua kutoka kwao. Pamoja naye kijana wa miaka ishirini ambaye hakuna mtu popote duniani aliyekuwa akimtafuta. Wafanyabiashara wa Kabambare walikuwa matajiri kuliko wao. Chuma angeweza kuhamia upande wao, kula vizuri na kupata bunduki na watu wa kuwatuma, kama wenzake walivyofanya. Hakuhama. Hakuna hotuba yake iliyoandikwa juu ya jambo hilo. Tunajua tu kwamba mwezi wa Februari 1871, wakati hatimaye watu kumi walipofika kutoka pwani na Livingstone akaondoka, Chuma alikuwa bado yuko.

Wakafika Nyangwe, ambayo ni katika teritware ya Kasongo, mwisho wa Machi. Hapo, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki sokoni. Ilikuwa siku ya soko kubwa, na wengi waliokuwapo walikuwa mama waliokuja na samaki, chumvi na mafuta ya mawese. Waliruka mtoni, mitumbwi ikazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo, ilipochapishwa Ulaya, iliwasukuma Waingereza kumbana Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mama hao wa Nyangwe hawana kaburi lenye majina. Kalamu iliyoandika kifo chao iliokolewa na wale vijana watatu waliobaki na mgonjwa Kabambare.

Walirudi Ujiji Oktoba 1871, na muda mfupi baadaye Stanley akawakuta huko. Stanley akaondoka mwaka uliofuata, Livingstone akakataa kwenda naye.

Sasa tunafika kwenye kazi ambayo Chuma alihifadhiwa kwa ajili yake. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Hakukuwa na mzungu wa kutoa amri. Msafara ulikuwa na watu 60 hivi, na viongozi wake sasa walikuwa Susi na Chuma. Wangeweza kumzika na kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Kubeba maiti katika nchi za watu kulikuwa hatari kubwa, maana mahali pengi mzigo wa namna hiyo ulionwa kuwa uchawi. Wakaamua kumpeleka kwao.

Farjallah, aliyekuwa amewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alipasua mwili. Moyo ukazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana mwingine aliyeokolewa utumwani, akasoma ibada ya maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14, ukafungwa kwa nguo, kisha kwa gome la mti, kisha kwa turubai. Ndipo wakaanza kutembea. Zaidi ya kilometa 1,500, miezi tisa, wengine wakafa njiani.

Katika Unyanyembe, mwezi wa Oktoba, walikutana na wazungu waliotumwa kumsaidia Livingstone. Cameron, mkuu wao, aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa, na tunajua ilikuwa neno gani kwa mtu mweusi wa siku zile kukataa shauri la ofisa wa Kiingereza. Mbele zaidi wenyeji walikataza maiti isipite. Wakafunga mabua ya mtama kama maiti, wakawatuma watu wakaonekane wanairudisha Unyanyembe kuizika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo la biashara, ukapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, wakakabidhi mwili, vyombo na daftari zote.

Hapo wakatupwa tena. Kwenye ofisi ya konseli ya Waingereza Zanzibar walilipwa mshahara wao wakaambiwa basi. Merikebu ikaondoka na sanduku. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyepata kusafiri na mwili, kwa nauli ya shirika la wamisionari. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, mbele ya wakubwa wa nchi. Daktari alimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa zamani na simba. Susi na Chuma, waliomleta, hawakuwako.

James Young, rafiki wa marehemu, ndiye aliyeona aibu hiyo, akawalipia nauli. Walifika Uingereza maziko yamekwisha. Hata hivyo kazi yao huko haikuwa ya kuonyeshwa kama wanyama. Horace Waller, aliyemjua Chuma tangu Magomero, alikuwa akipanga daftari za mwisho za Livingstone. Nyingine zilikuwa magazeti yaliyofutika wino, na juu ya siku za mwisho marehemu hakuandika kitu. Chuma na Susi wakakaa naye, wakaeleza njia, majina ya mito na vijiji, na namna kifo kilivyotokea. Kitabu kilitoka mwisho wa mwaka huo huo 1874. Kwa hiyo kila aliyesoma kilio cha Nyangwe alikisoma kwa msaada wa mtoto aliyeuzwa. Chama cha Jiografia cha London kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya msafara wote, lakini medali zilipotumwa Zanzibar wengi wa wenyewe walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Susi alirudi Kongo na Stanley mwaka 1879, akawa mkuu wa wafanyakazi wakati Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilipoanzishwa. Alibatizwa mwaka 1886 akachagua jina la David, akafa Zanzibar mwaka 1891. Juu ya yale Leopold aliyowafanyia baba zetu baada ya hapo tumekwisha kulia vya kutosha, wala hatumbebeshi Susi mzigo huo.

Chuma yeye alifanya kazi na misheni ile ile iliyowahi kumwacha. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Steere hadi kwa Mataka, katika nchi ya Wayao wenzake. Mwaka uliofuata aliongoza msafara uliowatoa watu Zanzibar kwenda bara kujenga kijiji chao. Walikuwa watumwa waliookolewa baharini, waume kwa wake, na safari hii walitembea bila kongwa, wakielekea upande wa mabara walikotekwa. Wakasimama Masasi, wakakata miti, wakapanda mihogo na kujenga kanisa.

Baada ya hapo aliongoza misafara ya Joseph Thomson, mmoja wao ukafika hadi mto Lukuga, si mbali sana na kwetu. Mwaka 1882 kifua kikuu kilimwua katika hospitali ya misheni Zanzibar, akiwa na miaka 32 hivi. Mwaka huo huo Wamagwangwara waliivamia Masasi wakaichoma, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Baadaye ikarudi, na mwaka 1926 Masasi ikapata askofu wake.