BIBI RUFAIDA NA KHEMA LAKE MSIKITINI

Katika mabibi wa Kisahaba ambao majina yao yastahiki kutajwa majumbani mwetu ni Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, Mwenyezi Mungu amridhie. Khabari zake vitabuni ni chache, na takriban zote zazunguka khema moja. Wanavyuoni wengine wamemtaja bibi mwenye khema hilo kwa jina la Kuaiba binti Saad. Baadhi yao wasema ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na baadhi wasema ni wawili mbali mbali. Siku hizi zimeenea hadithi kuwa baba yake alikuwa tabibu mashuhuri, na kwamba yeye mwenyewe alifungua chuo cha kufundishia wauguzi. Mambo hayo hayamo katika vitabu vya mwanzo vya sira, wala sifa yake haiyahitaji. Yaliyothibiti yatosha.

Yaliyothibiti ni haya: alikuwa na khema katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina, akiwatibu humo wagonjwa na majeruhi. Hakuwa na mshahara. Alijitolea nafsi yake, akitaraji thawabu kwa Mola wake, kuwakhudumia khasa wale Waislamu waliokuwa katika upweke, wasiokuwa na mtu wa kuwatazama. Nawaomba wasomaji wasilipite neno hili upesi, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo kazi yote ya bibi huyu. Tajiri akiugua ana watu wa kumkalia kitandani. Mgeni na fakiri humtazama yule aliye mlangoni, na uso atakaopokewa nao ndio jamaa yake ya siku hiyo.

Katika mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627 wa Miladi, Madina ilizungukwa na majeshi ya makafiri katika vita vya Khandaq. Siku hizo Sayyidna Saad bin Muadh, mkuu wa kabila la Aus, alipigwa mshale ukamkata mshipa mkubwa wa mkononi. Mtume (s.a.w.) alimchoma jeraha kwa moto ili damu isite, mkono ukavimba, akamchoma mara ya pili. Kisha akaamuru awekwe katika khema la Rufaida. Saad hakuwa mtu asiye na kwao: alikuwa na nyumba, na kabila zima lililomtii, na mama yake mzazi alikuwa hai. Sababu ya kuwekwa pale ni kuwa Mtume alitaka awe karibu naye, apate kumzuru bila ya masafa. Basi mkuu wa kabila akauguzwa mahali pale pale palipokuwa kimbilio la wanyonge, na mikono ile ile ikamkhudumia.

Kila alipopita jioni Mtume alimwuliza amechwaje, na kila alipopita asubuhi alimwuliza ameamkaje, naye Saad akimweleza hali yake. Ni salamu zile zile tuzitoazo sisi vibarazani bila ya kuzifikiri. Lakini tuangalie nani aliyekuwa akiuliza, na katika siku gani. Mji ulikuwa umetoka katika mazingiwa, na mambo ya Bani Quraidha yalikuwa hayajesha. Mwenye kubeba mzigo wote huo aliipata nafasi, mara mbili kwa siku, ya kumwuliza mgonjwa hali, na ya kungoja jawabu lake.

Twalitaja hili kwa sababu ya malalamiko yatufikiayo. Ndugu zetu wengi wa pwani wamehamia bara kwa ajili ya kazi, na wako wanaokaa Gatongora, upande wa Ruiru na Thika. Mwanamke wa kwetu akiugua huko, mume yuko kazini na mama yake yuko Lamu au Malindi, huenda hospitali peke yake na mtoto mgongoni. Anakaa katika safu ya wagonjwa wa kuja na kurudi tangu alfajiri. Afikapo kwenye dirisha la kadi, akiulizwa jina lake kwa ukali, husahau nusu ya maradhi aliyotaka kuyaeleza, na mara ya pili huona ni kheri anywe dawa za dukani kuliko kurudi. Wako waliochelewa kwa sababu hii mpaka ugonjwa ukawa hauna tena dawa. Wala tusidhani ni ila ya bara tu. Mtu wa Gatongora aletwaye na kazi Mombasa naye ni mgeni, na safu zetu zina ukali wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya matibabu na haki ya kuheshimiwa utu wake, lakini hapana sheria iwezayo kutia salamu katika kinywa cha mtu.

Hatukatai kuwa wauguzi wamezidiwa. Muuguzi mmoja hukabiliwa na watu wengi mno, na wengine katika sisi humfikia wakiwa wamekwisha kasirika, bila hata ya kumwamkia. Lakini kumwuliza mtu ameamkaje hakurefushi safu.

Na liko jambo jingine ambalo lawama yake ni yetu wenyewe. Wako miongoni mwetu wanaomzuia binti yao asisomee uuguzi, wakidai kuwa kazi hiyo hailingani na heshima ya mwanamke wa Kiislamu. Kisha siku mke wake auguapo, mtu huyo huyo hutaka auguzwe na mwanamke, tena Mwislamu, tena mpole wa maneno. Atoke wapi? Khema la Rufaida halikufichwa nje ya mji. Lilipigwa msikitini, mbele ya macho ya Mtume na Masahaba wote, na hapana aliyeona kuwa limemvunjia heshima yake.

Saad alitolewa katika khema hilo akapandishwa punda, kwenda kutoa hukumu ya Bani Quraidha, kisha akarejeshwa. Baada ya hapo jeraha lake likapasuka, damu ikatiririka hata ikawafikia watu wa Bani Ghifar waliokuwa na khema lao msikitini, wakashtuka wasijue inatoka wapi. Akafa kwa jeraha hilo, Mwenyezi Mungu amridhie. Matibabu hayakumponya, lakini hakufa mpweke.

Ama huyo bibi, wasemao kuwa yeye ndiye Kuaiba wameeleza kuwa alihudhuria vita vya Khaibar katika mwaka wa 7 wa Hijra, na ngawira zilipogawanywa Mtume (s.a.w.) alimpa fungu kamili, sawa na fungu la mwanamume aliyepigana.