Jean-Martin Charcot na Mikono Itetemekayo

Jean-Martin Charcot alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 29 Novemba 1825, mwana wa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Tangu ujana wake alikuwa hodari wa kuchora, na ingawa hatimaye alichagua utabibu, kalamu ya mchoraji hakuiweka chini kamwe. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu utabibu wake wote ulitegemea jicho.

Mwaka 1862 alikabidhiwa wodi katika hospitali ya Salpêtrière. Mahali hapo hapo kale palikuwa kiwanda cha baruti, kisha pakageuzwa makao ya wanawake fukara, wakongwe, wenye wazimu na wasiojiweza. Enzi za Charcot walikuwamo wapatao 5,000. Tabibu mwenye tamaa ya cheo asingetamani kudumu hapo. Charcot alidumu hadi kufa kwake. Pamoja na mwenzake, Alfred Vulpian, alipita wodi baada ya wodi akiwachunguza wanawake ambao hakuna aliyekuwa amewachunguza kwa makini, na kuandika alichokiona.

Miongoni mwao walikuwamo wengi waliotetemeka. Siku hizo wote walitiwa katika kapu moja. Charcot alianza kuwapambanua kwa njia ambayo leo yaonekana nyepesi mno: alimwomba mgonjwa anyanyue bilauri ya maji. Wako ambao mkono ulitulia ukiwa umepumzika, lakini ulipoikaribia bilauri ukayumba na kumwaga maji. Wako wengine ambao mkono ulitetemeka pale pale mapajani bila kazi yoyote, na ulipoinuka ukapunguza mtetemo. Kundi la kwanza lilikuwa na ugonjwa unaoacha mabaka magumu katika ubongo na uti wa mgongo, ambao aliueleza kwa kina mwaka 1868. Kundi la pili lilikuwa na maradhi aliyoyaandikia James Parkinson, tabibu wa London, mwaka 1817. Ili mtetemo wa kichwa uonekane na wanafunzi walioketi mbali, aliwavisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege.

Hapa pana jambo litakalowavutia wanaoshughulikia istilahi. Parkinson aliyaita maradhi hayo kupooza kwa kutetemeka. Charcot aliona kwamba jina lilikosea mara mbili: wagonjwa wengi walikuwa bado na nguvu za misuli, kwa hiyo hawakupooza; na wengine hawakutetemeka hata kidogo, bali walikakamaa na kuwa wazito wa kuanza mwendo. Aligundua pia kwamba uzito huo haukutokana na kukakamaa, bali ni dalili ya peke yake. Badala ya kubuni jina jipya la kueleza dalili, alipendekeza katika miaka ya 1870 maradhi yaitwe kwa jina la Parkinson, ambaye alikuwa amekufa tangu 1824 na karibu kusahauliwa. Nakala ya kitabu chake ilikuwa adimu hivi kwamba Charcot alitaabika kuitafuta, hadi akaipata kutoka Manchester. Uungwana wa namna hii si wa kawaida kwa mtu aliyependa sifa kama yeye.

Tiba zilikuwa chache. Alitumia dawa zitokanazo na mimea yenye sumu, jamii ya belladona. Aidha, alipowasikia wagonjwa wakisema kwamba safari ndefu za gari la moshi huwapa nafuu, hakuwacheka. Aliamuru kiundwe kiti cha kutikisika kwa mashine.

Mwaka 1882 aliundiwa cheo cha profesa wa magonjwa ya mfumo wa neva. Watu walimiminika kumsikiliza, akiwamo kijana Sigmund Freud, aliyefika mwaka 1885 na baadaye kumpa mwanawe wa kiume majina ya Jean Martin. Hata hivyo, jicho lile lile lilimponza. Katika masomo ya histeria, wanawake walilazwa usingizi wa kiini macho mbele ya hadhira, wakajipinda na kuanguka kama alivyotabiri. Mkono unaotetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson haujui anayeutazama anatarajia nini. Wanawake wale walijua. Hippolyte Bernheim wa Nancy alisema wazi kwamba dalili hizo zilipandwa na waganga wenyewe, na kwa maoni yetu alikuwa na haki. Waliolipia kosa hilo ni mafukara wasiokuwa na pa kwenda. Kwa mujibu wa katibu wake, Georges Guinon, Charcot mwenyewe alikuwa amekusudia kuirekebisha nadharia yake, ila muda haukumngoja.

Alifariki ghafla tarehe 16 Agosti 1893, akiwa safarini karibu na ziwa Settons. Alikuwa amepasua maiti nyingi akitafuta kiini cha ugonjwa wa Parkinson katika ubongo asikione. Kilionekana mwaka 1919, huko huko Paris, Konstantin Trétiakoff alipochunguza sehemu ndogo nyeusi iliyo chini ya ubongo na kukuta kwamba, kwa wagonjwa hao, weusi ulikuwa umefifia.