William Allen White: Mhariri wa mji mdogo aliyesikika Marekani nzima

Na Mwandishi Wetu

MAGAZETI ya miji mikubwa yalimtamani, lakini William Allen White alichagua kuishi na kufia Emporia, mji mdogo ulio makao makuu ya kaunti ya Lyon, jimbo la Kansas, nchini Marekani.

Alizaliwa mjini humo Februari 10, 1868. Baada ya kufanya kazi katika gazeti la Kansas City Star, mwaka 1895 alikopa dola 3,000 na kulinunua Emporia Gazette.

Kurasa za gazeti hilo zilijaa harusi, misiba, mavuno na wageni waliofika mjini. Aliyeandikwa humo aliweza kukutana na mhariri barabarani siku hiyo hiyo na kumtaka maelezo.

Jina la White lilivuma Agosti 1896, tahariri yake ya kuwakejeli wanasiasa wa Chama cha Populist iliposambazwa na Republican katika kampeni za William McKinley. Baadaye akawa rafiki wa Theodore Roosevelt, na akayaunga mkono mageuzi mengi aliyoyadhihaki awali.

Mei 1921 alifiwa na binti yake Mary, aliyekuwa na miaka 16. Taarifa zilizosambazwa nchini zilidai binti huyo alianguka kutoka kwenye farasi. Baba aliandika taazia akisahihisha kwamba alijigonga kichwa kwenye tawi la mti. Maandishi hayo yalichapishwa upya na magazeti mengi.

Mtihani mkubwa ulikuja Julai 1922, wakati wa mgomo wa mafundi wa reli. Gavana Henry Allen, rafiki yake wa miaka mingi, alipiga marufuku mabango ya kuwaunga mkono wagomaji. White hakukubaliana nao kwa kila jambo, hivyo alibandika dirishani bango la kuwaunga mkono kwa asilimia 49 tu. Alikamatwa, lakini kesi ikafutwa. Tahariri yake ya kutetea uhuru wa maoni ilimpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1923.

Mwaka 1924 aligombea ugavana kama mgombea binafsi ili kulipinga kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan, lililokuwa na wafuasi hata Emporia. Alishindwa, lakini alizunguka jimbo akilifichua kundi hilo hadharani.

White alifariki Januari 29, 1944, akiwa na miaka 75. Kitabu alichoandika kuhusu maisha yake kilishinda Pulitzer mwaka 1947, na mwanawe, William Lindsay White, aliliendeleza gazeti.

Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, na kaunti zaidi ya 200 hazina chombo chochote cha habari cha kwao. Huko, gavana akipiga marufuku bango leo, huenda asipatikane mhariri jirani wa kulibandika dirishani.