Carey Francis, Bingwa wa Hesabu Aliyeiacha Cambridge Akaja Maseno

Mimi ni mtu wa Pwani, ila riziki imeniweka Kakamega miaka mingi sasa, nikifundisha hesabu. Jumamosi asubuhi huketi na watoto wachache wenye vichwa vyepesi, wavulana kwa wasichana, nikawafundisha pia kuandika programu za kompyuta. Wazee wanapokuja kuwachukua wajukuu zao, ni nadra tuzungumze juu ya hesabu kwa dakika kumi bila kutajwa jina la Carey Francis. Kwetu Mombasa na Lamu jina hilo halina mshindo huo, na iko sababu yake ambayo nitaifikia. Kwanza tumtazame mtu mwenyewe.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Alipofikia umri wa kuingia chuo kikuu Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, naye akapelekwa Ufaransa akiwa afisa wa mizinga. Vita vilipokwisha akaenda kusoma hesabu katika chuo cha Trinity, Cambridge, akafuzu kwa daraja la juu kabisa, kisha akachukuliwa na chuo cha Peterhouse, hapo hapo Cambridge, akawa ndiye anayesimamia masomo ya hesabu. Kwa Mwingereza wa zama zile hiyo ilikuwa kazi ya heshima, ya nyumba nzuri na chakula cha mezani, na angeweza kuzeekea humo.

Mwaka 1928 kilitoka kitabu cha mazoezi alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa hesabu duniani. Kitabu hicho chahusu mifululizo isiyo na mwisho. Msomaji asiogope maneno hayo. Chukua mkate wa sinia, ule nusu yake, kisha nusu ya kilichobaki, kisha nusu ya kilichobaki tena, na uendelee hivyo daima dawamu. Vipande havina mwisho, na hata hivyo jumla yake haipiti mkate mmoja. Kuna mifululizo mingine ambayo vipande vyake vyazidi kuwa vidogo vivyo hivyo, lakini jumla yake haina kikomo. Kuipambanua hii na ile ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka huo huo wa 1928 aliacha kazi Cambridge, akajiunga na misheni ya CMS, akaja Maseno kuwa mkuu wa shule.

Maseno iko karibu na mstari wa ikweta, kandokando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia. Shule yake ilianzishwa na misheni hiyo mwaka 1906. Wanafunzi walikuwa Wajaluo na Waluhya, na wengi wa hao Waluhya walitoka Butere na Bunyore, sehemu zilizokuwa katika wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini ambayo makao yake yalikuwa hapa Kakamega. Ndiyo maana wazee wa huku humhesabu kuwa wao. Alikaa Maseno miaka 12. Miongoni mwa waliopita hapo zama zake ni Oginga Odinga, na Joseph Otiende wa Vihiga, ambaye mwaka 1963 alikuwa Waziri wa kwanza wa Elimu wa Kenya huru.

Bwana huyu hakuoa. Alivaa kaptura, alicheza mpira na wanafunzi, na kuchelewa kwa dakika moja kwake lilikuwa kosa kubwa. Ingawa alikuwa mkuu, hakuacha kushika chaki. Nadhani hapa ndipo penye siri yake. Mtu aliyekaa meza moja na Littlewood alishuka hadi kwa mtoto anayejumlisha senti na shilingi, na hakuona kwamba ameshuka. Aliandika vitabu vya hesabu kwa shule za Afrika ya Mashariki, cha Kiingereza kikiitwa Highway Arithmetic na cha Kiswahili kikiitwa Hesabu za Kikwetu. Jina hilo la Kiswahili lanitosha mimi kumfahamu nia yake.

Mwaka 1940 alihamishiwa Alliance, Kikuyu, shule iliyofunguliwa na umoja wa misheni za Kiprotestanti mwaka 1926. Akawa mkuu wake hadi 1962. Wanafunzi wa huko walimwita Kihara, kwa sababu ya upara wake. Kutoka pembe zote za Kenya wavulana waliopasi vizuri sana walimiminika huko, wakiwemo wa Kakamega na hata wa Pwani, kama vile Ronald Ngala. Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Nafasi zilikuwa chache, na mtihani ndio uliokuwa bawabu. Mtoto mwenye kipaji aliyeamka na homa siku ya mtihani alirudi kuchunga mbuzi, na hapakuwa na mtu wa kuuliza habari zake. Francis aliamini kuchuja. Mimi siamini sana, maana nimeona watoto ambao kichwa chao hufunguka wakiwa na miaka 15, na wengine wanaong'ara wakiwa na miaka 9 kisha wakazimika.

Sasa nirudi kwetu. Mtoto wa Kiislamu wa Pwani mwenye kipaji cha hesabu alikuwa wapi siku hizo? Shule bora zilikuwa za misheni, na katika shule za misheni sala na Biblia zilikuwa sehemu ya siku. Wazee wetu waliogopa watoto wao wasije wakatolewa katika dini, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu Francis mwenyewe hakuficha kwamba alikuja kumhubiri Masihi kabla ya kufundisha sehemu na desimali. Kwa hiyo waliwaweka chuoni, na waliobahatika wakapata Shule ya Waarabu ya Mombasa, na baadaye chuo cha ufundi cha MIOME.

Wala chuoni hakukukosekana hesabu. Ilikuwako elimu ya mirathi. Marehemu ameacha mtoto, mke apata thumni. Hakuacha mtoto, mke apata robo. Mama apata sudusi kukiwa na mtoto. Ukiitazama vyema, hiyo ni programu kamili: sharti, kisha hukumu, kisha sharti jingine. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu ambacho neno aljebra limetokana na jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi na wasia. Jina lake yeye mwenyewe ndilo lililozaa neno algoriti, ambalo kila mwandishi wa programu hulitumia. Kakamega ninaye mwanafunzi mmoja wa kutoka Mumias, ambako Uislamu umekuwako tangu zama za Nabongo Mumia na misafara ya Waswahili. Mtoto huyo aliandika programu ya mirathi kwa wiki mbili, ilhali wenzake wangali wanahangaika na kikokotoo cha kawaida.

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, Francis aliipinga Mau Mau waziwazi, na hapo naona hakuelewa kilichowasukuma watu msituni. Lakini pia alilalamika kwa wakubwa juu ya ukatili wa askari wa serikali, jambo ambalo wazungu wengi walilinyamazia.

Alipoacha ukuu wa Alliance mwaka 1962 alikuwa na miaka 64. Wengine wangerudi Uingereza kutunza bustani. Yeye alikwenda Pumwani, Nairobi, katika mtaa wa watu maskini wenye misikiti, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, akaomba kazi ya ualimu katika shule ya sekondari ya hapo. Hakuwa mkuu wala naibu. Alikuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, akisahihisha madaftari kama mwalimu kijana aliyetoka chuoni jana. Hao hawakuwa wavulana waliochujwa kutoka nchi nzima. Walikuwa watoto wa mtaani, Waislamu wengi miongoni mwao, na aliwafundisha kwa ukali ule ule aliokuwa nao Maseno na Alliance.

Alifariki mwaka 1966, siku ambazo baadhi ya wanafunzi wake wa zamani walikuwa mawaziri. Yeye alikuwa angali mwalimu wa Pumwani.