Tippu Tip: kijana aliyeanza na sandarusi

Hapa Kisangani, kijana akitaka kufungua biashara, swali la kwanza ni kapitali. Atatoa wapi makuta ya kuanzia? Mwingine anaanza na velo moja ya toleka, mwingine anangoja zamu yake ya likelemba. Tuliona vizuri kusimulia namna alivyoanza mfanyabiashara mumoja ambaye jina lake halijasahauliwa kwetu Boyoma: Hamed bin Muhammed, Tippu Tip.

Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka wa 1837, katika jamaa ya wafanyabiashara. Lakini hakuanza na msafara mkubwa. Alipokuwa na miaka 12 alifanya safari fupi-fupi za pwani kuuza sandarusi, ule utomvu mugumu wa kutengenezea vernis. Kufika miaka 18, akafuata baba yake mpaka Tabora, kiisha akavuka ziwa Tanganyika kuingia Urua. Kule wakubwa wa biashara walikuwa wanapigania pembe kubwa za tembo. Yeye akaona kwamba zile ndogo ni za bei rahisi, akanunua hizo, akapata faida muzuri. Hiyo akili tunaisifu.

Kapitali haikuwa yake. Wahindi wa Zanzibar, na zaidi Taria Topan, walimpa vitambaa na shanga kwa deni, naye alilipa kwa pembe akirudi. Safari yake moja ilianza 1870, ikamalizika 1882. Benki gani ya leo ingevumilia miaka 12?

Sasa, pembe zenyewe zilitoka wapi? Hazikununuliwa zote. Mwaka wa 1867 alipiga vita na mfalme Nsama wa Itabwa, akamnyang'anya akiba yake ya pembe. Baadaye, upande wa Lomami na hapa ku Maporomoko, watu wake walichoma vijiji, wakakamata batu na kungoja ndugu zao walete pembe za kuwakomboa. Wasiokombolewa walibaki watumwa. Wengi walibebeshwa mizigo. Tukihesabu faida ya Tippu Tip bila batu hao, tunadanganya vijana wetu. Babu za wengi kati yetu walikuwa upande ule wa hesabu.

Mwaka wa 1887, mfalme Leopold alimfanya gavana wa Maporomoko ya Stanley, kwa mshahara wa pauni 30 za Uingereza kwa mwezi. Kwa tajiri kama yeye, ile mshahara ilikuwa kitu kadogo. Sisi tunafikiri alichotaka ni kulinda njia yake ya pembe. Lakini Serikali ya Leopold ilitaka pembe hizo hizo. Alitoka hapa 1890, hakurudi tena. Vita ikawaka 1892, mtoto wake Sefu akauawa 1893, na 1894 utawala wa Waarabu huku ulikuwa umekwisha.

Akiwa muzee Zanzibar, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mdachi Heinrich Brode akayachapisha. Kiswahili ambacho misafara ile iliacha huku, Kingwana, ndicho tunapatanishaka nacho bei ku soko mpaka leo, pamoja na Lingala.

Alikufa kwa malaria mwezi wa 6, 1905. Nyumba yake ingali inasimama Mji Mkongwe.