Nyumba ya Askofu Steere



Tukichoma matofali ya nyumba ya mchungaji, mara nyingi tunahesabu vyumba na mabati tu. Basi tumkumbuke Askofu Edward Steere, aliyeonyesha nyumba ya mtumishi ni ya kazi gani.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa kasisi. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, wakakaa Shangani. Nyumba za mji ule ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti.

Katika nyumba yao walipokea wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Makao ya makasisi yakawa shule na mahali pa kupigia chapa. Wavulana walijifunza kupanga herufi, na Steere akajifunza Kiswahili. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa mahali pale, Mkunazini. Steere, aliyekuwa Askofu tangu 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe. Boriti zisingeweza kufika kutoka ukuta hadi ukuta, hivyo kanisa lilifunikwa kwa kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na saruji. Husimuliwa kwamba wengi walidhani litaanguka. Lingali limesimama.

Alifariki usingizini Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, ikiwa na matunda ya jasho lake. Huku Buha Injili ililetwa na misheni nyingine, lakini Kiswahili tunachosoma kanisani Muyama kinatokana kwa sehemu na kazi ya nyumba ile.

Kwa hiyo tujenge kwa bidii, tukikumbuka wale watano. Nyumba ya mchungaji ambayo mtoto asiye na kwao anaogopa kupiga hodi mlangoni pake, hata ikiezekwa vizuri namna gani, bado haijakamilika.